Mtu Mtulivu Ndani ya Kikundi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eastlands, Nairobi)



Leo tuongee juu ya mtu ambaye yuko katika kila kikundi. Ni yule mtulivu. Watu wakigombana juu ya pesa za meri-go-raundi, yeye amekaa tu kwenye benchi. Hapandishi sauti, hakasiriki upesi, wala hachangamki sana. Je, tumpe uongozi ama tumwache?

Mtu huyu alijulikana tangu zamani. Wagiriki wa kale, na baadaye daktari Galen katika karne ya pili, walidhani tabia hutokana na maji manne ya mwilini: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Mwenye kohozi jingi, walisema, huwa mpole na mzito. Siku hizi hakuna daktari anayepima tabia kwa kohozi. Lakini mafundisho ya watu wa aina nne bado yako kwenye semina nyingi, maana watu wenyewe tunawaona kila siku.

NGUVU ZAKE

Kwanza, ni msuluhishi. Hana upande, kwa hiyo wagomvi wote wawili humsikiliza. Pili, hutunza siri. Ukimwambia shida ya nyumbani, hutaikuta kwenye foleni ya maji. Tatu, havunjiki moyo. Biashara ya kikundi ikipata hasara, wengine watalia, yeye atauliza: "Sasa tumebaki na ngapi?"

UDHAIFU WAKE

Tuseme mweka hazina ni mtulivu. Anaona mkopo umepita miezi mitatu, na mkopaji ni jirani yake wa ploti. Anaona haya kumdai. "Atalipa tu," anasema. Wa pili akiona hivyo, naye halipi. Mwisho wa mwaka akina mama waliotoa kidogo kidogo kwa kuuza sukumawiki wanakuta hakuna kitu. Mtulivu hakuiba hata shilingi moja, lakini pesa zimepotea mikononi mwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena, hukubali kwa mdomo ili maneno yaishe, halafu hatendi.

MFANO WA HAPA KWETU

Hatusemi siasa, lakini tumwangalie marehemu Mwai Kibaki. Kuanzia 1963 hadi 1974 alikuwa mbunge wa hapa Eastlands, Doonholm, ambayo baadaye iliitwa Bahati. Wengi walimjua kama mtu asiye na haraka. Mwaka 1988 aliondolewa kwenye umakamu wa rais akapewa wizara ya afya. Hakupiga kelele. Alishindwa uchaguzi wa urais 1992, akashindwa tena 1997, akashinda 2002. Akiwa rais aliwaachia mawaziri nafasi ya kufanya kazi. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni.

Lakini utulivu huo huo ulilaumiwa. Wenzake serikalini walipovutana hadharani, wengi walingoja aseme neno, na neno lilichelewa. Tabia ni ile ile moja, faida na hasara zinatoka mle mle.

TUFANYE NINI?

1. Mtulivu aulizwe kwa jina: "Mama, wewe unaonaje?" Tukiuliza wote kwa jumla, atanyamaza, na sisi tutadhani amekubali.

2. Kazi yake iwe na tarehe, na iandikwe katika kitabu cha mikutano.

3. Kudai madeni kusiachiwe mtu mmoja. Mkopo ukipita mwezi, waende wawili: mtulivu pamoja na mwenye moto. Huyu asitukane, yule asirudi bila jibu.

4. Nawe mtulivu, jua kwamba kumkumbusha jirani deni si kumchukia. Mwambie mapema, deni likiwa bado dogo na urafiki ukiwa bado upo.

Tusimbadilishe awe mkali. Kikundi cha wakali watupu huvunjika kabla ya mwaka kuisha. Tumsaidie tu aseme kwa wakati wake.

MASWALI YA KUJADILIANA

Katika kikundi chenu, ni nani hajasema neno mikutano mitatu iliyopita? Na je, kuna mkopo ambao kila mmoja anaujua lakini hakuna anayeutaja?