Mkono wa Nyuma wa Pikipiki: Je, Tuurefushe?
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari. Ninyi mlio Tabora mjini, ninyi wa Sikonge, Urambo na Kaliua, na ninyi mlio mbali kule Uvinza na Ujiji, karibuni wote.

Somo letu la leo latoka katika barua ya mwanafunzi mmoja. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, nami nimeisoma kwa furaha. Kazi yake ni kuchukua asali kwa pikipiki kutoka msituni mpaka mjini. Anasema hivi: "Mwalimu, nikipanda kilima na madumu mawili ya asali nyuma yangu, gurudumu la mbele huinuka. Juzi nilikaribia kuanguka chali. Fundi ananishauri nirefushe chuma kinachoshika gurudumu la nyuma. Je, nikubali?"

Hili ni swali jema, wala si la mtu mmoja. Ndani yake mna fedha ya mtu, na mna roho ya mtu. Basi tulijibu taratibu.

Kwanza, chuma hicho ni kipi? Kesho asubuhi tazameni pikipiki yo yote iliyo karibu nanyi. Nyuma ya injini mtaona chuma chenye pande mbili, kama mikono miwili iliyonyoshwa. Mwanzo wake umefungwa kwenye fremu kwa boliti ndefu. Mwisho wake umeshika ekseli ya gurudumu la nyuma. Gurudumu likikanyaga jiwe, chuma hicho huinuka, kisha hushuka, na shokapu hupunguza mshtuko. Leo tutakiita mkono wa nyuma. Andikeni maneno hayo: mkono wa nyuma.

Ziko pia pikipiki za magurudumu manne, za kwendea porini na milimani. Baadhi yake zina mkono wa namna hiyo hiyo. Huko Marekani watu wanaoshindana kupanda milima na vilima vya mchanga huurefusha mkono huo, ili mashine isipinduke nyuma. Kwao jambo hilo lina maana. Lakini kumbukeni: hao hupanda moja kwa moja, bila mzigo, kisha mchezo umekwisha. Mchukuzi wa asali ana mzigo, ana njia nyembamba yenye kona na visiki, na lazima arudi tena kesho.

Pili, kwa nini gurudumu la mbele huinuka? Sababu ni mbili. Mnapopanda kilima, uzito wote huegemea nyuma. Tena injini, inapolisukuma gurudumu la nyuma kwa nguvu, hutaka kuinua upande wa mbele. Ukiongeza mzigo uliokaa nyuma ya ekseli, umewasaidia maadui hao wawili.

Wazee wetu waliijua habari hii kabla ya pikipiki. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikafika Ujiji, yapata kilomita 1,200. Burton na Speke, Waingereza wawili, walifika hapa mwaka 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh. Wanyamwezi walisifika katika njia hiyo kwa kazi ya upagazi. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani karibu kilo 32. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari zile ndefu za miguu zikakoma. Lakini njia ndogo za msituni hazina reli, na leo mpagazi wake ni pikipiki.

Sasa mfikirini mtu achukuaye mzegamzega, yaani mti begani wenye mzigo huku na huku. Mzigo wa nyuma ukimlemea, hufanya nini? Hatafuti mti mrefu zaidi. Huusogeza mti begani mpaka mizigo ipatane, kisha akaendelea na safari yake. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Tatu, tufanye hesabu. Chukueni kalamu.

Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Likijaa asali je? Wengi husema kilo 20. Sivyo! Asali ni nzito kuliko maji. Dumu la lita 20 la asali lina kilo 28 hivi. Madumu mawili ni kilo 56. Kumbe mwenzetu alidhani amechukua kilo 40, naye amechukua karibu mizigo miwili ya mpagazi!

Tuseme kutoka ekseli ya mbele mpaka ekseli ya nyuma ni sentimita 125. Tuseme madumu yamefungwa kwenye keria, sentimita 25 nyuma ya ekseli. Ishirini na tano ni moja ya tano ya 125. Basi mzigo huo huliondolea gurudumu la mbele moja ya tano ya uzito wake. Moja ya tano ya 56 ni kilo 11 na kidogo. Hayo ni katika tambarare. Mlimani mambo huzidi.

Sasa turefushe mkono wa nyuma kwa sentimita 10. Baina ya ekseli patakuwa sentimita 135, na mzigo utabaki sentimita 15 nyuma ya ekseli. Kumi na tano ni moja ya tisa ya 135. Moja ya tisa ya 56 ni kilo 6 na kidogo. Mkono mrefu umesaidia. Fundi hakusema uwongo.

Lakini ngojeni. Tuuache mkono wa zamani, tuyasogeze madumu mbele kwa sentimita 25, yakae sawasawa juu ya ekseli. Je, mzigo utaliondolea gurudumu la mbele kilo ngapi? Hata moja! Nayo gharama yake ni kamba na muda mchache wa kazi. Yule mtu wa mzegamzega alikuwa na akili.

Nne, mkono mrefu huleta nini kingine? Yafaa mnunuzi ajue anachotoa pamoja na anachopata.

Pikipiki ndefu huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kugeuka. Katika njia nyembamba baina ya miti, hilo ni taabu.

Magurudumu yakiwa mbali mbali, tumbo la pikipiki hugusa mawe na visiki kwa urahisi zaidi, hasa unapovuka kichwa cha kilima.

Shokapu nazo hupata shida. Mkono ukirefuka na shokapu zikabaki pale pale, gurudumu huzishinda nguvu, kama mtu anayeinua jiwe kwa mtaimbo mrefu. Springi ile ile sasa huonekana laini, na pikipiki hulala chini ya mzigo.

Tena, uzito ukipungua juu ya gurudumu la nyuma, tairi haliumi ardhi kama zamani. Katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, litateleza na kuzunguka mahali pamoja.

Na jambo la mwisho: mkono mrefu hauongezi nguvu ya injini. Ikiwa shida yako ni kwamba injini inachoka kilimani, dawa yake ni nyingine. Badili spoketi ndogo ya mbele, uweke yenye jino moja pungufu. Mwendo utapungua kidogo, nguvu ya kupanda itaongezeka.

Tano, ikiwa umejaribu yote, na bado gurudumu linainuka, uchagueje mkono mrefu? Andikeni mambo sita.

1. Nunua mkono mzima uliotengenezwa kwa pikipiki ya namna yako. Usikubali mkono wako ukatwe katikati na kuungwa kwa kuchomelewa. Kiungo kikiachia kwenye mteremko, gurudumu la nyuma hukosa mshikaji, nawe huna la kufanya.

2. Chagua nyongeza ndogo inayotosha. Usinunue urefu kwa kuwa wa jirani ni mrefu.

3. Pima pande zote mbili. Zikitofautiana hata kidogo, gurudumu litakwenda upande na cheni italika.

4. Cheni yako itakuwa fupi. Weka cheni ndefu iliyo nzima, usiunge vipande vya zamani na vipya.

5. Angalia breki ya nyuma. Fimbo inayoivuta lazima irefushwe. Hali kadhalika chuma kinachoizuia sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu. Fundi akikisahau chuma hicho, siku utakapofunga breki kwa nguvu utajuta.

6. Jaribu kwanza bila mzigo, mahali tambarare, na kofia ngumu kichwani. Kisha weka nusu ya mzigo. Kisha ndipo upande kilima kidogo.

Basi sasa tumjibu mwenzetu. Ndugu yangu, usikubali bado. Rudi kwenye mzigo wako kwanza. Dumu moja lining'inie kulia, jingine kushoto, chini na karibu na kiti, mbele ya ekseli au juu yake. Usiyapandishe keriani moja juu ya jingine. Kilima kikiwa kikali, chukua dumu moja, urudi kulifuata la pili. Unapopanda, inama mbele, wala usifungue mafuta kwa ghafla. Gurudumu likianza kuinuka, punguza mafuta mara moja na gusa breki ya nyuma.

Fanya hivyo kwa majuma mawili. Kama gurudumu limetulia, fedha yako imebaki mfukoni, itafaa ada ya watoto. Kama halikutulia, nenda ukanunue mkono mrefu, na karatasi yenye mambo sita uwe nayo mkononi. Msomee fundi jambo moja moja. Asikuharakishe. Fundi mwema hatakasirika mteja wake akijua kusoma na kupima.

Ndugu wanafunzi, wakati wetu umekwisha. Mwalimu wa darasa atawasaidia kujibu maswali haya:

1. Mkono wa nyuma wa pikipiki hufanya kazi gani?
2. Madumu matatu ya asali ya lita 20 yana kilo ngapi?
3. Mzigo wa kilo 40 umekaa sentimita 25 nyuma ya ekseli. Baina ya ekseli ni sentimita 125. Gurudumu la mbele limeondolewa kilo ngapi?
4. Taja hasara mbili za mkono mrefu.
5. Kwa nini si vizuri kuukata mkono na kuuchomelea?

Wenye pikipiki, chukueni futi kesho, mpime kutoka ekseli ya nyuma mpaka katikati ya mzigo wenu. Andikeni namba mtakayoipata, mje nayo darasani. Kwa herini, mpaka juma lijalo.