Tusingoje Daftari la Msiba

Leo nazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini hatupendi kulitaja.

Katika vijiji vya milima ya Rungwe, yowe likipigwa usiku watu hutoka migombani na tochi na mapanga, wakidhani ni mwizi au nyumba inaungua. Huo ni ujirani mwema, na Mungu aubariki. Lakini wakifika wakakuta si mwizi, bali ni kijana wa jirani aliyerukwa na akili, anavunja vyombo na kusema na watu wasioonekana, hufanya nini?

Jibu tunalijua. Wengine hucheka. Wengine hutafuta kamba. Akitokea wa kusema amerogwa, safari huwa ya kwa mganga. Akitokea wa kusema ni bangi tu, fimbo huanza kazi. Na mgonjwa akikimbilia mtaa wa pili ambako hawamjui, akaitiwa mwizi, asubuhi tunazungumza habari za maiti.

Hapana budi tukumbuke kwamba kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingine si ugonjwa wa akili hata kidogo. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kupigana na wanaomuuguza. Sukari ikishuka mno mwilini hufanya hivyo hivyo. Kadhalika kifafa, au pombe ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea miaka mingi. Mama aliyejifungua anaweza kupatwa na wazimu siku chache baadaye, na akitibiwa mapema akapona kabisa. Kwa wote hawa, saa moja ya kamba ni saa moja ya matibabu iliyopotea. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua mahali pa sheria ya zamani tuliyoachiwa na wakoloni, inamhesabu mtu huyu kuwa ni mgonjwa. Haimhesabu mhalifu.

Basi tufanye nini? Kwanza, umati uondoke. Abaki mtu mmoja anayefahamiana naye, amwite kwa jina na kusema naye polepole, bila kubishana naye juu ya hayo anayoyaona. Wengine waondoe mapanga, majembe na dawa za kuulia wadudu wa shambani. Ikilazimu ashikwe ili asijidhuru au asidhuru mtu, ashikwe kwa muda mfupi, na kamwe asilazwe kifudifudi na kukaliwa mgongoni. Mtu hukosa pumzi kwa namna hiyo, akafia mikononi mwa watu waliokuja kumsaidia. Na yule aliye kimya, anayesema amechoka na dunia, asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kutua mzigo.

Pili ni usafiri, na hapa ndipo tunaposhindwa. Hospitali ya Wilaya ya Makandana iko Tukuyu mjini, lakini kwa aliye kijijini mlimani, usiku wa mvua, njia ikiwa tope, hospitali hiyo iko mbali. Mwenye bodaboda humkataa mgonjwa wa namna hii, nami simlaumu, maana wataanguka wote. Mwenye gari hutaka fedha kwanza. Ndugu wanangoja kuche wauze mikungu ya ndizi. Na ikiwa mgonjwa anahitaji rufaa, Mbeya ni kiasi cha kilometa 70, na Mirembe kule Dodoma ni mamia ya kilometa.

Hata hivyo, nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ni wa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Simu hupigwa namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa safari yake. Mimi nasema kijiji na mtaa vinaweza kuiga mfano huo kwa wagonjwa wa akili. Wateuliwe watu wanne au watano wenye subira, wake kwa waume, wafundishwe na mganga wa zahanati namna ya kumtuliza mgonjwa. Dereva ajulikane mapema, na nauli iwepo kabla ya yowe.

Mtaniuliza fedha zitoke wapi. Zitoke palepale zinapotoka za msiba. Mtu akifa, daftari linapita nyumba kwa nyumba, na kabla ya jua kutua jeneza limepatikana, mchele na maharage yamepatikana, na gari la kubeba maiti limepatikana. Je, ni kweli kwamba tunamngoja jirani yetu afe ndipo tumchangie nauli?

Tatu ni siku anaporudi nyumbani. Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyeishi Unyakyusa na mumewe katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi Wanyakyusa walivyothamini kitu walichokiita ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzako. Mgonjwa aliyerudi na vidonge vyake akikuta watu wanampisha njia na watoto wanamwita kichaa, vidonge ataviacha, na yowe litapigwa tena. Vidonge atapewa na hospitali, lakini ukwangala hana wa kumpa isipokuwa sisi majirani.

Nimeitaja Rungwe, lakini wewe uliye Mbeya mjini au Dar es Salaam usidhani umesalimika. Mjini jirani hamjui jirani, na neno mwizi huitwa upesi zaidi. Kwa hiyo naomba mkutano ujao wa mtaa wenu, baada ya taka na ulinzi, mwenyekiti aulize swali moja: usiku wa leo jirani yetu akirukwa na akili, nani atasema naye, na nani atampeleka hospitali?