Kupiga Kiki Betri Ikiwa Imekufa

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mbele ya Mkutano wa Mwaka wa wahitimu wa shule yetu)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu mliotulea, wageni waalikwa, na ninyi ndugu zangu tuliolala pamoja katika mabweni yale yenye kunguni:

Katibu aliponipigia simu aliniambia nichague mada yoyote, mradi isiwe siasa na isizidi robo saa. Nadhani wengi mlitazamia nizungumzie utumishi wa umma, maana ndiyo kazi inayonilisha tangu nilipotoka Chuo Kikuu mwaka 2003. Lakini mambo ya ofisini mnayasikia kila siku, na wengine mnayafanya. Mimi leo nataka kuzungumzia namna ya kuwasha skuta kwa kupiga kiki wakati betri imekufa.

Naona baadhi yenu mnacheka. Najua vijana wa siku hizi wakisema mtu anatafuta kiki, wana maana anatafuta kujulikana. Kiki ninayoisema mimi ni ile ya mguu, na nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, kwani ina jambo ndani yake linaloihusu jumuiya yetu hii.

Kama wengi wenu mnavyojua, mwaka 2014 nilihamishiwa Unguja. Mtu akifika kule hakawii kugundua kwamba skuta huitwa vespa, hata ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Jina hilo ni la Kiitaliano, na maana yake ni nyigu. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege mjini Pontedera. Kiwanda chake kiliharibiwa kwa mabomu wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1946 ikatoa skuta iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyezoea ndege. Ilikuwa chombo cha mtu wa kawaida katika nchi iliyovunjwa na vita, na iliwashwa kwa mguu.

Mimi nilinunua Vespa PX kuukuu, ya ukubwa wa 150, ambayo gia zake hubadilishwa kwa mkono wa kushoto pamoja na klachi. Ilikuwa na mkono wa kiki upande wa kulia, kama zote. Lakini ilikuwa pia na kitufe cha stata, na mimi nilipenda kitufe. Kwa miaka kadhaa sikuugusa ule mkono wa kiki hata mara moja. Niliuona kama kiungo cha zamani kilichobaki kwa urembo tu.

Ndugu zangu, siku ya siku ilifika mwezi wa Novemba mwaka 2022. Binti yangu mkubwa alikuwa anaanza mtihani wa kidato cha nne, na alitakiwa awe ndani ya chumba cha mtihani kabla ya saa mbili asubuhi. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku kucha na bado inaendelea. Daladala zilipita zimejaa hadi mlangoni. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejikinga vibarazani na hawakutaka kutoka. Jirani yetu mwenye gari alikuwa amekwisha ondoka. Nikabonyeza kitufe cha vespa; kikalia "tik" mara moja, kisha kimya. Betri ilikuwa imekufa.

Hapo ndipo nilipoukumbuka ule mkono wa kiki. Nikapiga. Nikapiga tena. Nilipiga kwa hasira, kwa ncha ya kiatu, huku nimevuta mafuta mpaka mwisho na choki nimeiacha wazi. Nadhani nilipiga mara arobaini. Petroli ilinuka kote uani, mguu ulitetemeka, na mwanangu amesimama chini ya mwavuli na sare yake, kalamu mkononi, hasemi neno. Mimi ni msomi mwenye digrii, nimewahi kusimamia watu na mafungu ya fedha, nikawa nimeshindwa na chombo kilicho uani kwangu mwenyewe. Nilianza kuifokea ile vespa kwa sauti kubwa kama vile ina masikio.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita kwa baiskeli, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, akasimama. Akaniangalia kitambo. Kisha akasema, "Kaka, sogea kidogo. Umeinywesha mafuta mno."

Alifunga koki ya petroli iliyo chini ya kiti. Akarudisha choki. Akazima ufunguo, akafungua shavu la kulia, akatoa spana ya plagi mfukoni na kuichomoa plagi. Ilikuwa imelowa chapachapa. Akaifuta kwa pindo la shati lake, na kabla ya kuirudisha akapiga kiki taratibu mara tano au sita ili mafuta yaliyozidi yatoke ndani ya silinda. Akairudisha plagi, akafungua koki, akawasha ufunguo, akahakikisha gia iko huru. Akakanyaga polepole mpaka mguu ukakutana na uzito, akauacha mkono wa kiki upande juu, kisha akashuka nao kwa mwili mzima. Mara ya pili ikawaka, moshi wa buluu ukatanda. "Nenda," akasema, "usiizime njiani." Binti yangu aliingia chumba cha mtihani zikiwa zimebaki dakika kumi.

Jumamosi iliyofuata nilimtafuta mtu yule. Nilimkuta kwenye gereji yake, ambayo ni mwarobaini mmoja, benchi moja na sanduku la vifaa. Nilitoa fedha, akazikataa. Akasema, "Fedha yako haitakuwapo barabarani siku betri ikifa tena. Kaa ujifunze." Basi nikakaa, na Jumamosi nne mfululizo nilikuwa mwanafunzi wake. Akanikataza kugusa kitufe mwezi mzima.

Somo la kwanza lilikuwa la kuelewa, na ndilo lililonishangaza zaidi. Nilidhani betri ndiyo roho ya vespa. Sivyo. Katika PX betri ni ya kuzungusha stata na kazi nyingine ndogo. Cheche ya kwenye plagi haitoki kwenye betri. Inatoka kwenye gurudumu zito lenye sumaku, ambalo huzunguka pamoja na injini mbele ya koili na kuzalisha umeme wake lenyewe. Ukikanyaga kiki vizuri, umeizungusha sumaku, na umeme wa kuwashia umeuzalisha kwa mguu wako. Moto umo ndani ya injini tangu mwanzo. Kinachohitajika ni mtu wa kuizungusha.

Somo la pili lilikuwa la mguu. Weka skuta kwenye stendi, gia huru, ufunguo wazi, koki wazi. Injini ikiwa baridi vuta choki. Ikiwa ya moto usiiguse. Kanyaga kwa katikati ya wayo, si kwa vidole, goti likiwa limekunjwa kidogo ili mkono wa kiki ukirudi kwa nguvu usikuumize. Shuka polepole utafute mahali pa uzito, yaani pale pistoni inapobana hewa. Ukipapata, rudi juu, kisha shuka moja kwa moja hadi chini kwa uzito wa mwili. Usidonoe. Anayedonoa hachoshi injini, anajichosha mwenyewe. Na mkono wa mafuta usiuvute ila kidogo sana. Ikikataa mara sita au saba, usiongeze nguvu, simama ufikiri. Nusa kama mafuta yamezidi, tazama koki, tazama plagi.

Alinionyesha pia kuisukuma. Unaweka gia ya pili, unabana klachi, unakimbia nayo, unaachia. Hilo huwezekana kwa skuta ya gia za mkono. Wenye skuta za kujiendesha zenyewe msijisumbue, maana klachi yake haishiki mpaka injini iwe inazunguka. Mtasukuma hadi mji mwingine. Na nyingi za kisasa zinazopuliza mafuta kwa pampu ya umeme zinahitaji betri iwe na uhai kidogo, hata kama zina kiki. Kwa hiyo kila mtu aijue yake kabla mvua haijanyesha.

Somo la tatu lilikuwa la betri yenyewe. Tuliifungua upande wa kushoto, karibu na tairi la akiba. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe, na maji yalikuwa chini ya sahani za ndani. Betri ya volti 12 iliyo nzima na iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imetulia. Yangu ilisoma chini ya 10. Fundi alisema, "Hii haikufa siku ile. Ilikuwa inakufa muda mrefu, ila hukuitazama kwa sababu kitufe kilikuwa kinaitika."

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nafika kwenye jambo lililonisimamisha hapa.

Jumamosi ya nne, tulipokuwa tunakunywa chai, fundi aliniuliza nilisoma wapi. Nikataja shule yetu. Akasema, "Najua. Nilikujua siku ile ya mvua kabla sijasimama. Nilisikia sauti uani, nikasema sauti hii naifahamu."

Nilimtazama vizuri, ndipo nikamkumbuka. Wale wa darasa langu mtamkumbuka pia, ingawa jina lake sitalitaja kwa sababu ameniomba nisilitaje kabla ya wakati. Ndiye aliyekuwa akiitwa usiku jenereta ya shule ilipozima, tukiwa tunajisomea, naye yuko kidato cha pili tu. Tulikuwa tukimpigia makofi taa zilipowaka. Mwaka 1996, tukiwa kidato cha tatu, baba yake alifariki na ada ikamshinda. Siku moja asubuhi majina ya wanaodaiwa yalisomwa mstarini ili wakafungashe warudi makwao. Yule aliyeyasoma majina alikuwa kiranja mwenye sauti nzuri, iliyofika mpaka jikoni, na alijivunia sauti hiyo.

Kiranja huyo ni mimi, ndugu zangu. Sikuwa nimeitunga orodha, lakini niliisoma kwa madaha. Baada ya kuisoma nilikwenda kunywa uji, na sikumuuliza hata mmoja wao anapita njia gani. Fundi hakunilaumu. Alisema tu, "Ulinisoma wa nne." Kisha akanimiminia chai nyingine.

Nilimwambia kuhusu chama chetu hiki, nikamwomba aje mkutanoni. Akaniuliza chama kinaitwaje. Nikamwambia, Chama cha Wahitimu. Akacheka. "Mimi sikuhitimu," akasema. Niliporudi nyumbani nilitoa katiba yetu kabatini, nikakuta kifungu cha uanachama kinataka nakala ya cheti cha kidato cha nne. Katiba hiyo niliisaidia kuiandika, na kifungu hicho nilikipitisha mimi mwenyewe bila kufikiri.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili, na nayatoa rasmi ili yaingie katika kumbukumbu za mkutano.

La kwanza: neno "Wahitimu" katika jina la chama libadilishwe liwe "Waliosoma", na sharti la cheti liondolewe. Aliyeandikwa katika daftari la shule, hata kama alikaa muhula mmoja, awe mwenzetu. Tunalalamika kila mwaka kwamba mahudhurio ni hafifu na mfuko ni mtupu, tunabonyeza kitufe kile kile kwa watu wale wale, na kinalia "tik". Nguvu nyingine tunayo, ila hatujaigusa kwa miaka zaidi ya ishirini.

La pili: ada katika shule za serikali za Tanzania Bara hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa bweni bado anahitaji nauli, godoro, sare na daftari, na bado wapo wanaokatika njiani kwa vitu hivyo. Naomba mfuko wetu utenge fungu kwa ajili yao, na mkuu wa shule atuletee mahitaji kimya kimya, yasisomwe mstarini.

Kuhusu yule fundi, nilimsihi sana aje leo. Amekataa kwa upole. Amesema atakuja siku jina lake litakaposomwa tena na sauti ile ile, kwa jambo jingine.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, nina karatasi hapa. Nimekaa na wenzangu watatu wa darasa letu tukakumbuka majina kumi na moja ya walioondoka kabla ya mtihani. Naomba niyasome ili mkutano uwapendekeze kuwa wanachama. Nitayasoma polepole.

(Mwenyekiti aliruhusu, na majina yakasomwa wajumbe wakiwa wamesimama. Mapendekezo yote mawili yalikubaliwa. Majina hayachapishwi hapa mpaka wenyewe watakapotoa idhini.)

Na wenye skuta, kesho asubuhi msibonyeze kitufe. Jaribuni mguu kwanza, mkiwa na nafasi na jua linawaka, msingoje siku ya mtihani.