Gundi na Baridi ya Ufipa: Uimara wa Nyuzi za Kaboni katika Kuimarisha Miundo ya Zege

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wahandisi na mafundi ujenzi, Sumbawanga

1. Utangulizi

Nitakayosema ni maoni yangu binafsi, si msimamo wa ofisi yangu.

Hapa Sumbawanga, kwenye nyanda za juu za Ufipa, tupo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, pembeni mwa Bonde la Ufa la Rukwa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, ni miongoni mwa makubwa zaidi kurekodiwa Afrika Mashariki. Haja ya kuimarisha nguzo na bimu za zamani haina ubishi.

2. Maana

Hapa sitakawia. Tunazungumzia vitambaa au mikanda ya nyuzi za kaboni au za kioo, inayobandikwa kwenye zege kwa gundi ya epoksi. Hubandikwa chini ya bimu au huzungushwa kwenye nguzo. Ni myepesi na haishiki kutu. Daraja la Ibach, Uswisi, liliimarishwa kwa mikanda ya kaboni mwaka 1991, na tangu hapo teknolojia imeenea.

3. Uimara kwa muda mrefu

Mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R, hupunguza nguvu ya usanifu kulingana na mazingira. Kaboni huzidishwa kwa 0.95 ndani ya jengo na 0.85 nje, kioo kwa 0.75 ndani, 0.65 nje, na 0.50 penye mazingira makali. Sababu tunazijua: unyevu, alkali ya zege, jua na mzigo wa kudumu. Jua hukingwa kwa rangi. Nyuzi za kaboni zenyewe karibu haziozi. Kinachokufa mapema ni mshiko wa gundi.

4. Tatizo lenyewe: usiku wa kwanza

Hapa naomba mnivumilie. Jambo hili la joto la usiku wa kwanza baada ya kubandika nimeliandika kwenye ripoti mwaka hadi mwaka, na kila makadirio yanapopunguzwa, fedha zake ndizo za kwanza kukatwa.

Epoksi nyingi za ujenzi zinahitaji nyuzijoto 10 au zaidi ili ziive. Juni na Julai, usiku wa Sumbawanga hushuka chini ya hapo. Mchana jua linawaka, fundi anavua koti, anabandika saa tisa alasiri. Kufika saa mbili usiku zege limepoa, na gundi imesimama kabla ya kuiva. Umande nao una sheria yake: uso wa zege lazima uzidi joto la kutona kwa umande kwa angalau nyuzijoto 3. Baridi ikikutana na unyevu, hadna (kiivishi cha gundi) hutoa utando wa kunata, kama nta. Tabaka la pili likiwekwa juu yake bila kuuosha, halishiki.

Niliitwa kukagua jengo moja miaka mitatu baada ya kazi. Kwa macho, kitambaa cha bimu kilikuwa kimenyooka vizuri. Nikakigonga kwa sarafu. Penye mshiko mzuri sauti huwa fupi na kavu. Pale ilisikika kama debe tupu. Fundi akaingiza ncha ya kisu ukingoni, kitambaa kikabanduka kwa mkono. Upande wake wa ndani haukuwa na chembe ya zege. Kingekuwa kimeshika, zege ndilo lingechanika kwanza. Moyo uliniuma, maana watu walikaa chini ya bimu ile kila siku wakiamini imeshatibiwa. Nikaomba kumbukumbu za joto na unyevu za siku ya kubandika. Hazikuwepo. Mkataba haukuzitaka.

Kuna hatari nyingine. Epoksi iliyoiva vizuri bila kupashwa moto huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hadi 80. Iliyoivia baridini hulainika chini ya hapo, na mabati ya paa mwezi Oktoba hupata moto mkali unaofika kwenye bimu zilizo chini yake.

5. Mapendekezo

1. Mkataba utaje wazi joto la hewa, joto la zege na unyevu wakati wa kubandika, na vipimo viandikwe kila siku.
2. Kazi ya Juni na Julai ifanyike ndani ya turubai lenye vipasha joto hadi gundi iive, au iahirishwe.
3. Fedha za turubai na vipasha joto ziwe na mstari wake kwenye makadirio, nao usikatwe.
4. Kipimo cha kuvuta kifanyike kila eneo. Mshiko usipungue megapaskali 1.4.
5. Nondo zenye kutu zitibiwe kwanza. Kitambaa kisifunike kidonda.
6. Uso wa zege usagwe kwa grainda hadi kokoto zionekane, kisha vumbi lipulizwe.
7. Tarehe za mwisho za epoksi zikaguliwe inapofika. Imesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam.
8. Ukaguzi wa kugonga urudiwe kila mwaka, baada ya masika na baada ya baridi.
9. Mafundi wafundishwe kwa vitendo, hapa hapa, kwenye baridi hii.
10. Narudia: joto la usiku wa kwanza lipimwe na liandikwe.

6. Hitimisho

Miongozo tunayotumia ni mizuri, lakini haiwezi kutupimia usiku wa Ufipa. Kipimajoto ni cha bei ndogo kuliko mita moja ya kitambaa cha kaboni. Naomba semina hii isiishe bila azimio kwamba kila kazi ya aina hii mkoani Rukwa itakuwa nacho, pamoja na mtu wa kukisoma saa nane za usiku.