MVUA YA JUU NDIYO MAFURIKO YA CHINI

(Maneno ya Katibu wa Kamati ya Maafa ya Kijiji mbele ya Mkutano Mkuu wa Chama chetu cha Ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa nafasi nieleze kwa nini Kamati inaomba Chama kitoe fedha za kununulia vipima mvua sita, tochi na vocha za simu. Wapo wanaouliza, "Kipima mvua cha nini, na mvua tunaiona kwa macho?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu.

Mvua tunayoiona siyo inayotuua. Maji ya ghafla hutoka kule juu mlimani. Hapa chini jua linaweza kuwa linawaka, vijana wamo korongoni wanachimba mchanga, kumbe wingu limekwisha kumwaga mzigo wake huko juu. Maji yale yakishuka hayapigi hodi. Na maji ya kasi, hata yasiyofika goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Tufanye hesabu ya debe. Milimita 1 ya mvua kwenye ekari moja ni lita 4,000 hivi, yaani madebe 200 ya lita 20. Zikinyesha milimita 30 kwa saa moja, ekari ile ile imepokea madebe 6,000. Sasa hesabuni ekari zote za mteremko ule, na zote zinamwaga kwenye korongo moja! Ardhi ikiwa kavu itakunywa sehemu yake. Ikiwa imelowa tangu juzi haina pa kuyaweka, basi mengi yanatujia sisi.

Wengine wanasema redio inatosha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, nasi ni wajibu wetu kusikiliza. Lakini tangazo la mkoa haliwezi kutuambia ni korongo lipi litajaa na saa ngapi. Wingu la radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Linaweza kupita kati ya vituo viwili, na kila kituo kikaandika sifuri.

Tusidhani hili ni tatizo la nchi maskini peke yake. Julai 28, 1997, mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado, Marekani, ulipigwa na mafuriko ya ghafla. Upande wa magharibi zilinyesha zaidi ya milimita 350 kwa muda wa siku moja na kitu. Upande wa mashariki wa mji huo huo hazikufika hata 60. Watu 5 walikufa. Wataalamu waliona kwamba vipimo vilikuwa vichache mno. Mwaka 1998 wakaanza kuwaandikisha wananchi wa kawaida, kila mmoja na kipima mvua chake nyumbani. Mpango huo, unaoitwa CoCoRaHS, umeenea majimbo yote 50 ya nchi hiyo. Basi hata wenye mitambo mikubwa walirudi kwa mwananchi na kopo lake.

Hapa nyumbani tunalo somo chungu. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sisemi kwamba kopo la mvua lingeuzuia mlima. Nasema maafa hayangoji mchana, kwa hiyo mpango wowote usiofanya kazi usiku si mpango.

Kamati inapendekeza hivi:

1. Vipima vinne vikae kwa wenzetu wa kijiji cha juu, na viwili hapa kwetu. Viwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Wakati tunangoja kununua, kopo lenye pande zilizonyooka na kitako bapa, pamoja na rula, linatosha kuanzia.

2. Kila siku saa 3 asubuhi msomaji aandike na kumwaga. Mvua ikiwa kubwa asome kila robo saa, hata usiku. Ndiyo maana tunaomba tochi.

3. Msomaji apige simu kwa watu wawili hapa chini, siyo mmoja. Simu isiposhika, baragumu lipigwe na lipokewe mtaa kwa mtaa. La mgambo likilia lina jambo: usiulize, toka korongoni, panda juu.

4. Tusimike nguzo yenye alama pale kivukoni. Mvua ya juu na kimo cha maji chini viandikwe daftari moja. Baada ya masika mawili matatu tutajua wenyewe ni milimita ngapi zinazotuletea hatari, na maji huchukua muda gani kufika.

Ndugu zangu, yapo mambo mawili ya kuamua leo, nayo ni makubwa kuliko fedha.

La kwanza: wenzetu wa juu hawafurikiwi. Tunamwomba mtu aamke usiku wa manane, alowane, kwa ajili ya mtoto asiye wake. Huo ndio ushirika. Nasi tuwe tayari kufanya vivyo hivyo kwa kijiji kilicho chini yetu.

La pili: iko siku baragumu litalia na maji yasije. Jamani, siku hiyo tusimcheke msomaji. Tukimcheka mara moja, mara ya pili atasitasita, na katika kusitasita kwake tutazika watu. Kupanda mlimani bure ni hasara ya usingizi tu.

Naomba mkutano ukubali. Wanaojitolea kusoma vipimo, kina mama na vijana pia, waandike majina yao kwa mtunza ghala kabla ya Jumamosi.