Mama Aliyesema Kweli Yote

Aliye na Biblia karibu naye na afungue Injili ya Marko, sura ya 5, kuanzia mstari wa 25. Tutaifikia habari hiyo baadaye kidogo.

Wengi wenu mwapajua Mama Ngina hapa Mombasa, ile barabara ya ufuoni inayotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Mahali pale palitengenezwa upya mwaka 2019, lakini mibuyu mikubwa ingalipo, na desturi ya watu ni ile ile. Jua likipunguza ukali, watu huja na watoto wao, hununua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, hunywa madafu, kisha huketi wakitazama meli zikiingia.

Jioni moja tulikuwa tumeketi hapo pamoja na mama mmoja wa kanisa letu. Jina lake hatutalitaja, ingawa yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuyaeleze mambo yake ili yawasaidie wengine. Mama huyu ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Siku ile tuliona mguu wake wa kulia umefungwa kitambaa, na anaukanyagia kwa shida. Tulidhani amejikwaa. Tulipomwuliza, alinyamaza kidogo, kisha akafungua mkoba wake akatoa chupa ya plastiki iliyojaa maji meusi.

Akasema, "Mchungaji, hii ndiyo dawa yangu sasa. Vile vidonge vya hospitali niliviacha miezi mitatu iliyopita."

Alikuwa ameinunua kwa mtu mwenye gari na kipaza sauti, aliyetangaza kwamba dawa hiyo moja huponya kisukari, presha, vidonda vya tumbo, utasa na upofu wa macho. Tukamwuliza, "Lakini Mama, mbona uliacha kliniki?"

Akajibu, "Kule nilichekwa mbele ya watu. Nilimwambia mhudumu kwamba huwa nachemsha majani ya mwarobaini nyumbani. Akawaita wenzake waje wamwone mama wa miti shamba. Nikaapa sirudi."

"Na sisi, Mama, mbona hukutuambia?"

Akatazama baharini, kisha akasema polepole, "Mchungaji, mlihubiri kanisani kwamba miti shamba ni ushirikina. Ningewaambiaje?"

Wapenzi wasikilizaji, maneno yale yalituchoma moyo, kwa maana yalikuwa kweli. Tulihubiri hivyo. Hospitalini alichekwa, na kanisani alihukumiwa. Akabaki na nani? Akabaki na mtu wa kipaza sauti, ambaye hakumcheka wala hakumhukumu, bali alimwuzia tu. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini leo yatupasa kujiuliza: ni nani anayewafanya watu wayafiche maradhi yao?

Sasa twendeni katika Injili. Mama yule wa Marko 5 alikuwa ametokwa na damu kwa miaka 12. Alikuwa amezunguka kwa waganga wengi, akamaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Alipomwendea Yesu alikwenda kwa siri, kwa nyuma, katikati ya msongamano, akagusa vazi lake tu. Akapona saa ile ile. Je, Yesu hakuweza kumwacha aende zake? Aliweza. Lakini alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa. Mama akaja akitetemeka, akaanguka mbele yake, akamweleza kweli yote. Wala Yesu hakumkemea kwa habari ya wale waganga, wala kwa fedha alizopoteza. Alimwita binti, akampa amani.

Angalieni jambo hili. Mwili wake ulikuwa umekwisha kupona, lakini Bwana hakutaka aende zake na siri yake. Alimpa nafasi ya kusema kweli mahali ambapo hatachekwa. Nafasi hiyo ndiyo tuliyomnyima mama yetu wa Mama Ngina.

Basi, je, miti shamba ni dhambi? Tusome Isaya, sura ya 38. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Akaomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi ya kuishi. Lakini baada ya ahadi hiyo, nabii aliagiza tini zipondwe na kuwekwa juu ya jipu lake. Maombi yalikuwapo, ahadi ilikuwapo, na dawa ya mti ilikuwapo. Hakuna kimoja kilichomfukuza mwenzake.

Hata sisi watu wa pwani tuna ushuhuda wa jambo hili. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa kuihubiri Injili. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe, Rosina, alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akafuata. Kaburi lake liko ng'ambo ya Mji wa Kale, upande wa Nyali. Kanisa letu katika nchi hii lilianza kando ya kaburi la mama na mtoto wake waliouawa na homa. Je, homa hiyo twaitibu kwa nini? Kwinini ilitoka katika gamba la mti wa Amerika ya Kusini. Na dawa mseto, ambayo serikali ya Kenya iliichagua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria, ina asili yake katika jani, nalo ni la pakanga ya China. Mwana sayansi Tu Youyou alilipata wazo lake katika kitabu cha kale cha tiba ya nchi yake, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi anayedharau mti shamba kwa kuwa ni mti tu, na akumbuke kwamba huenda mtoto wake aliponywa malaria kwa mti.

Lakini msituelewe vibaya. Tu Youyou hakuchemsha majani akaenda kuyauza kwa kipaza sauti. Yeye na wenzake walijaribu mimea mingi, wakaitenga ile nguvu iliyomo ndani ya jani, wakaipima kwa wanyama. Na kabla ya kuwapa wagonjwa, walikubali kuinywa wao wenyewe kwanza. Hata leo Shirika la Afya Duniani halishauri watu watibu malaria kwa chai ya pakanga, kwa sababu kikombe kimoja chaweza kuwa na nguvu nyingi na kingine kidogo, na ugonjwa usiopigwa sawasawa hurudi ukiwa sugu.

Yako maneno twayasikia kila siku: "Hii ni dawa ya asili, haina madhara." Si kweli. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Mwarobaini wenyewe, ambao watu wa pwani twausifu kwamba watibu maradhi 40, mafuta yake yamewadhuru watoto wadogo walionyweshwa. Iko mizizi inayoharibu ini na figo. Na mgonjwa wa kisukari akichanganya vidonge na mmea unaoshusha sukari, bila daktari kujua, sukari yaweza kushuka hata akazimia. Mjini petu kupiga chuku ni tiba ya kale ya kuumika mwili, lakini kupiga chuku ni kutia chumvi katika maneno pia. Basi mtu akikuambia chupa yake moja huponya magonjwa matano yasiyohusiana, ujue hapo chuku inayopigwa ni ile ya maneno.

Tena wengi mnakumbuka mambo ya mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, huko Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema Mungu alimwonyesha katika ndoto. Watu walikwenda kwa maelfu, hata kutoka hapa Kenya. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliofia barabarani kabla ya kukifikia kikombe. Wako pia walioacha dawa zao za virusi vya ukimwi. Mzee yule alifariki mwaka 2021, nasi hatumhukumu. Hakimu ni Mungu. Lakini somo lake ni letu. Imani ya watu ilikuwa kubwa, na bei ilikuwa ndogo, lakini hayo mawili hayakutosha kuwa kipimo cha dawa.

Liko jambo la tatu, nalo yatupasa kulisema wazi. Anayekupa jani kwa tumbo lako ni mbali na anayekupigia ramli akakutajia jirani yako kuwa ndiye aliyekuroga. Huyu wa pili hatibu mwili wako, anaua undugu. Katika Kilifi na Kwale tumezika wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingine waliowashika ni watoto wao wenyewe. Hapo Mkristo hana ruhusa ya kukanyaga. Kosa letu sisi wahubiri lilikuwa kuwatia watu hawa wawili katika kapu moja, yule wa mizizi na yule wa ramli. Tuliposema wote ni wabaya, washirika wetu hawakuacha kwenda. Waliacha kutuambia.

Wengine watauliza, je, hospitali na miti shamba vyaweza kupatana? Huko Tanga, katika miaka ya 1990, dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilipokuwa bado hazijawafikia watu, madaktari wa hospitali ya Bombo walikaa pamoja na waganga wa miti shamba, wakawahudumia wagonjwa kwa kushirikiana. Dawa za miti hazikuondoa virusi, wala haikusemwa kwamba zinaviondoa. Zilitumika kutuliza yale maradhi yanayomwandama mgonjwa. Na hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inazitambua tiba za asili na tiba mbadala, nayo yaelekeza ziwekewe utaratibu, na mgonjwa apelekwe hospitali inapobidi. Basi si lazima hawa wawili wawe maadui. Kinachotakiwa ni kweli kati yao.

Kwa hiyo twawasihi mambo haya, ndugu wapenzi.

Kwanza, usiache dawa ya daktari kwa siri. Kama inakusumbua, rudi kwake ukamwambie.

Pili, ukienda hospitali, chukua chupa yako na majani yako, uyaweke mezani. Umwambie daktari unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini. Ukichekwa, usiende kwa mtu wa kipaza sauti. Tafuta daktari mwingine, au uje kwa mchungaji wako akusindikize.

Tatu, mtu yeyote akikuambia uache hospitali ndipo dawa yake ifanye kazi, mkimbie, hata kama ameshika Biblia mkononi.

Nanyi wauguzi na waganga wakuu mlio Wakristo, mgonjwa akiwaambia kwamba amekunywa mizizi, msimcheke. Amewapa jambo la thamani. Amewapa kweli, na bila kweli hiyo hamwezi kumtibu.

Nasi wachungaji, tunapomwombea mgonjwa na kumpaka mafuta kama Yakobo anavyoagiza katika sura ya 5, tumwulize pia: "Dawa zako unakunywa?" Swali hilo halipunguzi imani. Ni sehemu ya upendo.

Mtataka kujua habari za mama yetu. Jioni ile, chini ya mbuyu, tulimwomba radhi. Haikuwa rahisi kwetu, lakini ilikuwa haki yake. Kesho yake asubuhi tulikwenda naye katika hospitali nyingine. Aliiweka chupa yake mezani, mikono ikitetemeka. Daktari, kijana kama mwanawe, aliinusa, akaandika katika faili, akasema, "Ahsante, Mama, kwa kuniambia." Kisha akafungua kile kitambaa.

Vidole viwili vilikatwa. Mguu ulisalia. Leo mama huyo anakunywa vidonge vyake, na Jumapili huketi kiti cha mbele, amevaa viatu vya wazi, wala havifichi vidole vyake. Mwarobaini wake ungali umesimama uani, na wajukuu wake hucheza kivulini mwake.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeumba miti na majani yake, na kuwapa wanadamu akili ya kuyachunguza, twakushukuru. Utusamehe sisi tuliowafanya wagonjwa wako waone haya. Uwabariki madaktari na wauguzi, uwape mikono ya upole. Utuokoe na hila za wanaouza tumaini la uongo. Na kila anayeficha maradhi usiku huu, umpe moyo wa kusema kweli yote, na umpe mtu wa kumsikiliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.