Ukweli Uliosemwa Milango Ikiwa Imefungwa



Tumekusanyika ili tutafakari pamoja juu ya uongozi na ukweli. Mfano tuliouchagua ni wa nchi ya mbali, Hungaria, ambayo wananchi wake walipiga kura ya vyama vingi mwaka 1990 baada ya miaka ipatayo 40 ya chama kimoja. Walidhani kwamba kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Mtu tunayemzungumzia ni Ferenc Gyurcsány. Alizaliwa mwaka 1961 katika mji wa Pápa, katika familia isiyo na mali. Alisoma katika mji wa Pécs, akapanda ngazi katika Jumuiya ya Vijana wa Kikomunisti, na utawala wa chama kimoja ulipoanguka alikuwa mmoja wa viongozi wa taifa wa vijana hao. Ndipo akaiacha siasa na kuingia katika biashara. Mwaka 1992 aliianzisha kampuni yake, Altus. Hiyo ndiyo miaka ambayo mali ya taifa ilikuwa ikiuzwa kwa watu binafsi, na kabla ya miaka kumi na mitano kupita alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi. Raia wengi waliuliza: imekuwaje waliohubiri usawa jana wawe ndio wenye mali leo? Swali hilo lilimfuata hata Ikulu.

Mwaka 2002 alirudi katika siasa akiwa mshauri wa Waziri Mkuu Péter Medgyessy, na mwaka uliofuata akawa Waziri wa Vijana na Michezo. Medgyessy alipojiuzulu mwaka 2004, Chama cha Kisoshalisti kilimchagua tajiri huyu kijana kushika mahali pake. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alijua kusema, alijua kushawishi, na mwezi Aprili 2006 muungano wake ulishinda uchaguzi. Tangu mwaka 1990 hakuna serikali yoyote ya Hungaria iliyokuwa imerudishwa madarakani na wapiga kura. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Lakini, ndugu zetu, ushindi huo ulikuwa na siri. Hazina ilikuwa imetoboka. Pengo la bajeti ya mwaka huo lilipita asilimia 9 ya pato la taifa, nao wananchi hawakuambiwa wakati wa kampeni. Tarehe 26 Mei 2006, huko Balatonőszöd kando ya ziwa, Waziri Mkuu aliwahutubia wabunge wa chama chake faraghani. Kwa maneno makali na matusi aliwaambia kwamba wamekuwa wakidanganya asubuhi, mchana na usiku, na kwamba hawakufanya lolote la maana kwa miaka waliyotawala. Tumtendee haki: nia yake ilikuwa kuwashawishi wakubali marekebisho magumu na waache udanganyifu. Hata hivyo, wenye haki ya kuusikia ukweli ule hawakuwamo ukumbini.

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mtungi huu ulivuja. Tarehe 17 Septemba redio ilitangaza sauti yake. Watu wakajaa mbele ya Bunge mjini Budapest, na usiku uliofuata kundi la waandamanaji likavamia makao ya televisheni ya taifa. Tarehe 23 Oktoba, siku ya kuadhimisha miaka 50 ya maasi ya mwaka 1956, polisi waliwafyatulia watu risasi za mpira, na baadhi yao wakajeruhiwa macho. Waziri Mkuu hakujiuzulu. Alipata kura ya imani bungeni, akaendelea.

Je, inawezekana kutawala watu wasiokuamini? Mwezi Machi 2008 wananchi waliitwa kupiga kura ya maoni juu ya ada ya kumwona daktari, ada ya kulazwa hospitalini na karo ya chuo kikuu. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walizikataa. Pengine baadhi ya mageuzi hayo yalihitajika, lakini nani angeyapokea kutoka kinywa kile? Ulipofika msukosuko wa fedha wa mwaka huo, nchi iliokolewa kwa mikopo ya yuro bilioni 20 kutoka Shirika la Fedha Duniani, Umoja wa Ulaya na Benki ya Dunia. Mwezi Machi 2009 alitangaza kuondoka.

Sasa tazameni gharama. Mwaka 2010 Wasoshalisti walibaki na viti 59 kati ya 386. Fidesz, chama cha Viktor Orbán, na washirika wake walipata viti 263, zaidi ya theluthi mbili. Kwa wingi huo waliandika katiba mpya mwaka 2011 bila kura za upinzani, nao wakashinda tena mwaka 2014, 2018 na 2022. Gyurcsány alianzisha chama kingine mwaka 2011, na mwaka 2025 akajiondoa katika siasa. Walioachiwa deni ni wananchi, ambao katika hasira yao waliwapa wengine mamlaka yasiyo na kizuizi.

Sisi tulio waumini tunajua kwamba kuungama mbele ya wale mlioshiriki kosa si toba. Toba humwendea aliyekosewa. Aliyekosewa hapa ni mpiga kura, naye aliipata habari kwa redio.

Kwa hiyo tunasema: kura ya siri ni haki ya raia, bali hesabu za serikali zisiwe siri. Mgombea na aulizwe mapema mali yake ameipataje, na hazina ina nini. Tumuulize mchana, hadharani, kabla hatujampa kura. Asipojibu, tumekwisha kujibiwa.